Majani Yana Kitu, na Hapo Ndipo pa Kuogopa

Mafuta ya ganda la korosho yanaua seli za saratani. Sikuliokota hilo WhatsApp. Asidi anakadiki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo yakiwa mabichi, imejaribiwa katika maabara nyingi duniani, na seli za uvimbe zilizowekewa asidi hiyo kwenye visahani zimekufa. Anayetaka kichwa cha habari cha kuuzia gazeti anacho tayari. Ila kabla hajakipeleka mitamboni, aende Newala au Tandahimba, amtafute mama yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono, amwombe amwonyeshe vidole.

Mafuta hayo hayo hubabua ngozi mpaka ikachunika. Ndiyo maana korosho huchomwa kwanza, ganda likatoa moto na moshi unaowasha macho, na ndiyo maana mbanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kupikia mikononi kabla hajaanza kazi. Ngozi ya kidole nayo ni seli. Asidi haijui kama seli iliyo mbele yake ni ya uvimbe wa titi au ya kidole gumba cha mama anayetafuta ada ya mwanawe. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, na mtoto wa Kusini aliyewahi kuuma embe bila kufuta utomvu wa kikonyo anakijua kidonda ninachokisema.

Nimeanzia kwenye korosho kwa sababu kuna ubishi usiokwisha kati ya hospitali zetu na wauza dawa wa stendi na minadani, na naona pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja. Muuza dawa ananyanyua chupa na kusema majani haya yanaua kansa. Mtaalamu wa afya akipewa kipaza sauti anajibu kwamba mitishamba haina kitu, wananchi wasipoteze fedha zao. Mwananchi anasikiliza, anakumbuka jinsi majani ya utupa yanavyoelekeza samaki matumbo juu, anacheka kimoyomoyo, kisha anakwenda kununua chupa. Amekwisha kujua kwamba mmoja kati ya wale wawili hasemi kweli, na bahati mbaya aliyemchagua kuwa mwongo ni mtaalamu.

Majani yana kitu. Mimea haina miguu ya kukimbilia wala kucha za kujitetea, kwa hiyo kwa mamilioni ya miaka imejitengenezea sumu za kuwazuia wadudu, fangasi na wanyama wanaoila. Nyingi ya sumu hizo hushambulia mambo ambayo kila kiumbe hai anayahitaji: kugawanyika kwa seli, kupumua kwa seli, kusafirisha chumvi ndani na nje ya seli. Hapo ndipo zinapoiweza saratani. Hapo hapo ndipo zinapomweza mgonjwa.

Tuuchukue utupa wenyewe, ambao kwenye vitabu huitwa Tephrosia vogelii. Majani yake yakipondwa na kumwagwa kwenye kidimbwi, samaki huelea. Uvuvi huo ni kosa kisheria, na uwe hivyo hivyo. Ndani ya majani mna rotenoni na jamaa zake. Rotenoni huingia kwenye mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyogeuza chakula kuwa nguvu, na kuiziba hatua ya kwanza kabisa ya kazi hiyo. Seli hufa kwa kukosa nguvu. Samaki huipata kupitia matamvua, moja kwa moja hadi kwenye damu, ndiyo maana hana ujanja. Sisi tukiimeza, utumbo hupitisha kidogo na ini huvunja sehemu kubwa. Lakini ikifika kwenye damu, haina ubaguzi. Tangu mwaka 2000 watafiti wameitumia rotenoni kuwapa panya wa maabara ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa mikono kutetemeka na mwili kukakamaa, kwa sababu seli za ubongo zinazosimamia mwendo ndizo zinazougua haraka nguvu zikipungua.

Sasa tuje kwenye mstafeli, maana huo ndio mti unaotajwa kuliko mwingine wowote panapozungumzwa kansa, Mtwara mjini mpaka Nachingwea. Ujumbe unaozunguka kwenye simu unasema majani yake yana nguvu mara 10,000 kuliko dawa za saratani za hospitali. Namba hiyo haikutungwa na mtu wa Kariakoo. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliripoti kwamba kemikali moja waliyoitenga kutoka kwenye mbegu za mstafeli iliziua seli za saratani ya utumbo mpana, kwenye kisahani, kwa kiasi kidogo mara 10,000 kuliko doksorubisini, dawa ya saratani ya hospitali. Ilikuwa kemikali moja iliyosafishwa, na aina moja ya seli, nje ya mwili. Ujumbe wa simu ulipofika kwetu ulikuwa umepoteza mbegu, umepoteza kisahani, umebaki na mara 10,000.

Ujumbe huo hausemi pia nguvu hiyo inatoka wapi. Mstafeli una jamii ya kemikali zinazoitwa asetojenini, na maarufu kati yao ni anonasini. Anonasini hufanya nini? Huziba hatua ile ile ya mitokondria inayozibwa na rotenoni. Yaani mtu anayekunywa mchemsho wa majani ya mstafeli asubuhi na jioni kwa miezi anatumia ndugu wa utupa kwa kazi, ingawa si kwa ukoo. Mwaka 1999, katika kisiwa cha Guadeloupe kule Karibi, ambako chai ya majani ya mstafeli na mitopetope ni jambo la kawaida, madaktari waliripoti katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa wengi isivyotarajiwa walikuwa na aina ya Parkinson isiyo ya kawaida, isiyosikia dawa zake, na kwamba wengi wao walikuwa watumiaji wa matunda na chai hizo. Baadaye panya waliotiwa anonasini taratibu walipoteza seli za ubongo. Uhusiano kwa binadamu bado haujathibitishwa kwa namna ya kufunga mjadala, na anayekula stafeli moja msimu wake asinipigie simu kwa hofu. Ninayemzungumzia ni mgonjwa anayekunywa lita nzima kila siku akiamini kwamba kitu cha asili hakina madhara.

Na pengine tungeona fahari kidogo kama tungejua kwamba asetojenini ya kwanza kabisa kutambuliwa duniani, mwaka 1982, ilitoka kwenye mizizi ya Uvaria acuminata, kichaka cha pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Waliipa jina uvarisini. Imeua seli nyingi kwenye visahani. Zaidi ya miaka 40 baadaye haijawa dawa ya hospitali, na sababu kubwa kwa jamii nzima ya asetojenini ni ile ile: inaua kila kinachopumua.

Kwa hiyo kwenye swali la stendi, je, jani hili linaua kansa, jibu mara nyingi litakuwa ndiyo, kwenye kisahani. Swali lenye faida ni linaua nini kingine, na kwa kipimo gani. Kuiua kansa kwa sumu isiyochagua ni sawa na kuchoma pori zima ili kumpata ndezi mmoja. Ndezi unaweza kumpata, lakini mikorosho ya jirani nayo imekwenda.

Mfano wa jani lililofanikiwa uko makaburini kwetu. Namaanisha lile ua la waridi au jeupe, petali tano na jicho katikati, linalojiotea kwenye mchanga wa Mikindani, kando ya nyumba za Lindi mjini na juu ya makaburi ya zamani. Asili yake ni Madagaska, jina lake la kitaalamu Catharanthus roseus. Mbuzi, ambaye akikosa majani anatafuna hata khanga iliyoanikwa, hulipita bila kuligusa. Mbuzi ana akili kuliko anavyosifiwa.

Kisa chake kilianzia Jamaika, ambako watu walikunywa chai ya majani hayo kutibu kisukari. Miaka ya 1950 majani yalitumwa Canada, yakaangukia mikononi mwa Robert Noble na Charles Beer. Wakawanywesha panya, sukari haikushuka. Wakawachoma sindano ya mchemsho huo, panya wakafa, lakini si kwa sababu ya sukari: walikufa kwa maambukizi ya bakteria. Noble angeweza kuandika kwenye daftari kwamba dawa hii ni sumu, imeshindwa, akatupa majani. Badala yake aliuliza kwa nini panya mzima afe kwa bakteria wa kawaida. Wakapima damu, wakakuta chembe nyeupe zimeshuka vibaya na uboho wa mifupa umekauka. Kitu kinachoangamiza chembe nyeupe kinaweza kufaa kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe zimeongezeka kupita kiasi, yaani mgonjwa wa saratani ya damu. Mwaka 1958 waliitangaza vinblastini. Dada yake, vinkristini, ilitengwa na watafiti wa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani na kuruhusiwa nchini humo mwaka 1963.

Dawa hizo mbili hunasa protini inayoitwa tubulini, ambayo seli huitumia kutengeneza kamba za kuvutia kromosomu wakati wa kugawanyika. Kamba zisipojengeka, seli hukwama katikati ya kugawanyika na kufa. Seli za saratani hugawanyika mara kwa mara, kwa hiyo huumia zaidi. Seli za uboho, za nywele na za utumbo nazo hugawanyika sana, kwa hiyo nazo huumia. Neva hazigawanyiki, ila hutumia kamba hizo hizo kusafirishia mizigo yake, na ndiyo maana mtoto anayechomwa vinkristini anaweza kufa ganzi vidole, kufunga choo kwa siku kadhaa au kuanza kuburuta mguu.

Pamoja na hayo yote, vinkristini ikichanganywa na dawa nyingine imegeuza saratani ya damu ya watoto kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa ambao katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 huupona. Kwetu Afrika ni mojawapo ya nguzo za tiba ya limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka huo huo wa 1958 akiwa Uganda. Sasa angalieni kipimo: kwa mtu mzima, dozi moja ya vinkristini kwa kawaida haizidishwi miligramu 2. Punje chache za chumvi. Huchomwa kwenye mshipa, mara nyingi kwa wiki mara moja, na ikikosewa ikachomwa kwenye uti wa mgongo huua. Kwenye majani imo kidogo mno, kiasi kwamba viwanda hutumia mamia na maelfu ya kilo za majani makavu kupata gramu chache. Hakuna sufuria, iwe ya Ruangwa au ya Boston, inayoweza kuipima miligramu 2 hiyo. Jani la kiangazi si sawa na la masika, jani changa si sawa na kuukuu, na mchemsho wa dakika 10 hautoi kinachotolewa na wa saa nzima.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa kingine ambacho wachambuzi wetu wanakisahau. Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake walitangaza maitansini, waliyoipata kwenye mti wa jenasi ya Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Nayo hukamata tubulini, ila ni kali kuliko vinkristini mara nyingi. Hamu ilipanda, na katika miaka hiyo zaidi ya tani 20 za Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills, Kwale, zikapelekwa Marekani. Wagonjwa wakajaribiwa. Matumbo yaliharibika, neva zikaharibika, uvimbe haukupungua vya kutosha. Dawa ikawekwa kabatini. Ilirudi mwaka 2013 ikiwa imebadilishwa kidogo na kufungwa kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga, inayotambua aina moja tu ya saratani ya matiti. Kingamwili huibeba mpaka mlangoni mwa seli husika, na humo ndani ndimo inapofunguliwa. Kutoka kisahani hadi dawa iliyoruhusiwa ilichukua miaka 41, na muda wote huo hakuna aliyekuwa na shaka kwamba maitansini inaua. Kilichotafutwa ni namna ya kuizuia isiue visivyohusika. (Kwale walibaki na nini kwa tani zile ni makala nyingine, na ningependa iandikwe kabla mtu hajaleta magunia yake Rondo, ambako kuna mimea isiyoota mahali pengine popote duniani.)

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata wasomi. Msunguti ni mti wa sumu ya mishale. Una kemikali za moyo, kama zile za Strophanthus, mmea mwingine wa sumu ya mishale, ambao nguvu yake kwa moyo John Kirk wa msafara wa Livingstone aliigundua alipoona mapigo ya moyo wake yamepungua baada ya sumu ya mishale kugusana na mswaki wake. Kemikali hizo huua seli za saratani ya binadamu kwa kiasi kidogo sana. Mtafiti akipandikiza uvimbe wa binadamu kwa panya, kisha akampa kemikali hiyo, uvimbe husinyaa na panya anaendelea kukimbia. Muujiza! Lakini seli za panya huvumilia sumu hizo mamia ya mara kuliko zetu. Kilichochaguliwa pale si saratani dhidi ya seli nzima. Ni binadamu dhidi ya panya. Mgonjwa wa kweli hana mwili wa panya wa kumkinga, na moyo wake utasimama kabla uvimbe haujahisi kitu.

Watafiti wetu nao nawadai kitu. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, imefanya kazi kubwa ya kurekodi na kupima mimea ya waganga, na kwa bajeti finyu kipimo kilichotumika sana ni cha vijikamba wa maji chumvi: unawatia kwenye dawa, unahesabu waliokufa baada ya saa 24. Ni kipimo cha bei nafuu na cha haraka, kinafaa kuchuja mimea ya kuanza nayo. Tatizo huanza matokeo yanapotoka nje ya geti. "Mmea umeonyesha nguvu dhidi ya seli" inakuwa "mmea unatibu". Ningependa kila ripoti ya aina hiyo ibebe, katika sentensi ile ile, namba ya pili: kiasi kinachoua seli nzima za binadamu. Namba hizo mbili zikikaribiana, hapo hamna dawa, na mwandishi wa habari ataliona hilo mwenyewe bila kuwa mkemia.

Mnyaa, ule wa uzio wenye maziwa, ni onyo tosha. Brazili watu hunywa maziwa yake yaliyochanganywa na maji kutibu saratani. Kwenye maabara maziwa hayo hayo yamechochea uvimbe na kuamsha virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huhusishwa na baadhi ya saratani, na watafiti kadhaa wanaushuku mmea huo kuwa mmoja wa wachangiaji wa limfoma ya Burkitt katika sehemu za Afrika unakoota kwa wingi. Sitaongeza neno.

Najua kwa nini watu wanakwenda stendi. Mgonjwa wa Mtwara akiambiwa aende Taasisi ya Saratani Ocean Road, anaambiwa kilomita kama 560, nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, na kurudi tena baada ya wiki 3. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Kusini, hata mwenye nauli hakupita. Majani yako nyuma ya nyumba, na muuza dawa anamwita mama mkubwa, anamsikiliza kwa nusu saa. Kumkaripia mgonjwa wa namna hiyo kwa sababu amekunywa mchemsho kunamfundisha jambo moja tu: safari ijayo asiseme.

Na asiposema, ndipo tunapompoteza. Vinkristini huvunjwa na ini. Dawa ya kawaida ya fangasi, itrakonazoli, inajulikana kwa kuizuia kazi hiyo mpaka vinkristini ikajazana na kuunguza neva. Mchemsho wa majani usiojulikana unaweza kufanya vivyo hivyo, au kinyume chake, ukaiharakisha dawa itoke kabla haijafanya kazi. Mgonjwa ambaye chembe nyeupe zimeshuka baada ya sindano akiongezewa sumu nyingine ya uboho kutoka kwenye chupa, daktari ataona damu imeanguka, atapunguza dozi ya hospitali au kuiahirisha, akidhani ni dawa yake iliyozidi. Uvimbe unapata likizo. Muuguzi anayeuliza kwa upole, "Mama, na nyumbani unatumia nini kingine? Niletee hata tawi nilione," anafanya kazi ya kitabibu kamili, na ningeweka swali hilo kwenye fomu, chini ya lile la mzio.

Waganga siwaombi wafunge milango. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na chombo hicho kingeweza kuanza na kitu kidogo kuliko kampeni: lebo. Jina la mti, sehemu iliyotumika, mwezi uliochumwa, umechemshwa kwa muda gani, na mstari mmoja wa kumkataza anayechomwa sindano za saratani. Najua pingamizi litatoka wapi. Mganga atasema jina la mti ndilo mtaji wake, akiliandika kila mtu atachuma mwenyewe. Ni hoja nzito, siibezi. Basi jina lifungwe kwenye bahasha ofisini kwa Baraza likiwa na namba, namba hiyo iandikwe kwenye chupa, na daktari wa zamu Ligula, Ndanda au Nyangao awe na simu ya kupiga saa 8 usiku mgonjwa anapoletwa moyo unapiga mara 38 kwa dakika na ndugu zake hawajui alichokunywa.